Kusafisha kibodi na kipanya: uchafu kwanza, vijidudu baadaye

Pindua kibodi yako juu ya karatasi nyeupe, ipige mgongoni mara tatu nne kama unavyokung'uta mkeka, kisha tazama kilichodondoka. Mimi nina steshenari hapa Tanga: kompyuta nne za kuchapia na moja ya wateja wanaotaka kujaza fomu zao wenyewe. Siku nilipoipindua hiyo ya wateja, baada ya kama mwaka mzima, zilidondoka nywele, makombo ya maandazi, mabaki ya kifutio, pini ya stepla, kipande cha ukucha na sisimizi wawili wazima. Nywele sikuzijali. Sisimizi ndio walionitia aibu, maana sisimizi haendi pasipo na posho.

Kilichonifanya niipindue ni mama mmoja mwalimu aliyekuja kuchapa mtihani wa darasa la sita. Kila akibonyeza herufi A, inazama na hairudi. Akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, hii kibodi yenu mnaipaka asali?" Nikamwambia, "Samahani mama, ngoja nikuhamishie mashine nyingine." Asali haikuwepo. Ilikuwa sanitaiza.

Mwaka 2020, corona ilipoingia, nilikuwa naimwagia kibodi sanitaiza baada ya kila mteja nikiamini nafanya usafi. Sanitaiza imetengenezwa kwa ajili ya ngozi. Hata fomula ya Shirika la Afya Duniani, ile ya ethanoli asilimia 80, ina gliserini asilimia 1.45 ya kuzuia mikono isikauke. Spiriti ikiisha kuruka hewani, gliserini inabaki palepale, nzito, inakusanya vumbi. Na zile za jeli zina gundi ya kuzifanya zivutike, hivyo ni mbaya zaidi. Ndiyo hiyo "asali" ya mwalimu. Kwa hiyo kabla ya lolote: sanitaiza ni ya mikono, iache kwenye mikono.

Kusafisha ni jambo moja, kuua vijidudu ni jingine

Watu wengi wanayachanganya haya mawili, na ndiyo maana kazi haikamiliki. Kusafisha ni kuondoa vumbi, makombo na ule utando wa mafuta ya vidole unaofanya vitufe ving'ae. Kuua vijidudu ni kazi ya dawa, na dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Inaishia kulowesha tope la juu huku vijidudu vikiwa vimejificha chini yake. Ukipaka spiriti kwenye kibodi chafu umepata kibodi chafu yenye harufu ya hospitali.

Dawa inayofaa kwa kibodi ni spiriti, yaani ethanoli au isopropili, ya asilimia 70 hivi. Fundi mmoja atakuambia ya asilimia 99 ndiyo kali zaidi. Kwa kusafisha saketi yuko sahihi, kwa sababu haina maji. Kwa vijidudu hapana. Spiriti inaua kwa kuharibu protini za kijidudu, na kazi hiyo inahitaji maji kidogo. Tena ile tupu inakauka haraka mno kabla haijamaliza. Kati ya asilimia 60 na 90 ndipo inapofanya kazi vizuri.

Ukiwa na isopropili ya asilimia 99, chukua chupa ya nusu lita, tia mililita 350 za spiriti na mililita 150 za maji, utapata karibu asilimia 70. Ukiwa na ethanoli ya asilimia 96, tia mililita 365 kisha jaza maji hadi nusu lita. Maji yawe yale yaliyosafishwa kabisa, yasiyo na chumvi. Kwenye vituo vya mafuta na maduka ya spea wanauza "maji ya betri", lakini soma chupa kwa makini: yapo ya kuongezea, ambayo ni maji tu, na ipo asidi, na kuna wauzaji wanaoziita zote kwa jina hilohilo. Kama huna uhakika, nunua spiriti iliyokwisha kuchanganywa famasi na uachane na hesabu hizi.

Hata famasi uwe macho. Baadhi ya spiriti za vidonda zimetiwa mafuta ya mbarika ili zisikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye kibodi. Jaribio ni rahisi: dondosha tone moja kwenye kioo, liache likauke. Likiacha duara la mafuta, hiyo si ya kibodi. Ile spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa kwenye maduka ya rangi za nyumba nayo iache. Ina methanoli, ambayo ni sumu hata kwa kuvuta mvuke wake, na rangi yake inaweza kubaki kwenye vitufe vyeupe.

Jiki usiiguse kabisa. Klorini inakula chuma, inafifisha herufi, na plastiki nyeupe inageuka njano. Thina na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, zinayeyusha plastiki yenyewe: nimemwona dada mmoja wa saluni jirani akiifuta herufi yake ya M, na kitufe kikalainika kama pipi.

Vya kuandaa

Vingi unavyo ndani. Brashi ya kupakia rangi ya inchi moja, laini, ambayo haijawahi kuguswa na rangi. Mswaki wa zamani. Vijiti vya meno. Pamba za masikio. Vitambaa viwili visivyotoa nyuzi. Fulana kuukuu ya pamba inafaa, taulo haifai. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone tu. Spiriti yako. Karatasi nyeupe ya kutandika chini ili uone kinachotoka, na kama una vitufe vya kung'oa, chujio la chai. Nitaeleza kwa nini chujio.

Kopo la hewa ni zuri ukilipata, ila lishike wima. Ukiliinamisha linatema kimiminika cha baridi kali badala ya hewa. Blowa ndogo ya mafundi wa simu nayo inafaa. Usiipeleke kibodi kwa fundi wa matairi akupulizie na kompresa. Hewa ile ina msukumo mkubwa kupita kiasi, na tangi lake hukusanya maji, hasa hapa pwani. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate.

Ile jeli ya rangirangi inayouzwa ya kubandika na kubandua kwenye kibodi siipendi. Kwenye baridi huenda inafanya kazi. Kwa joto letu inalainika na kuacha vipande katikati ya vitufe, halafu unabaki kuitoa jeli kwa kijiti.

Kazi ya kila wiki: dakika kumi

Anza kwa kukata umeme. Kibodi ya USB ichomoe tu. Ya bila waya, zima na toa betri. Kama bado unatumia zile za zamani zenye plagi ya duara, zambarau ya kibodi na kijani ya kipanya, zima kompyuta kwanza ndipo uchomoe, kwa sababu soketi hizo hazikutengenezwa kuchomolewa zikiwa na umeme. Usidanganyike na kufunga skrini tu. Kitambaa kikipita juu ya vitufe kinabonyeza kila kitu.

Pindua kibodi juu ya karatasi, igonge taratibu, itikise, igeuze upande huu na huu. Kisha, ikiwa bado imeinama, pitisha brashi kwenye mistari kati ya vitufe, kutoka juu kwenda chini, ili kinacholegea kidondoke badala ya kuzama. Ukiwa na blowa, pulizia sasa, kwa milipuko mifupi mifupi, ukielekeza hewa pembeni ili ifagie uchafu kwenda nje.

Baada ya hapo ndipo maji yanaingia, na hapa ndipo kibodi nyingi hufia. Kitambaa ndicho kilowe, kibodi isilowe. Chovya kitambaa kwenye maji yenye tone la sabuni, kikamue mpaka ukikishika kwa ngumi hakidondoshi hata tone, ndipo ufute. Pita juu ya vitufe, halafu ubavuni mwa vitufe kwa mswaki uliolowa kidogo tu. Utaona uchafu umeganda zaidi kwenye F na J, kwenye vile vituta vidogo vya kuongoza vidole, na kwenye Enta, na kwenye sehemu moja ya kitufe kirefu cha nafasi ambapo dole gumba hutua kila siku. Kwenye mashine zangu hiyo sehemu iko kulia. Rudia kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu ili kuondoa sabuni, kisha kausha.

Sasa vijidudu. Zima feni. Nasema kwa dhati: spiriti chini ya feni inakauka kabla hujahesabu ishirini, na dawa iliyokauka haiui kitu. Fungua dirisha badala yake, na kama kuna jiko au sigara karibu, subiri, kwani mvuke wa spiriti unashika moto. Lowesha kitambaa cha pili kwa spiriti, kiwe na unyevu bila kudondosha, ufute vitufe vyote, kingo za kibodi, waya wake na sehemu ya chini unayoishika unapoisogeza. Lengo ni uso wa kitufe ubaki na unyevu unaoonekana kwa kama dakika moja. Ukikauka mapema, pita tena. Usisugue. Herufi za kibodi za bei ya chini zimepigwa chapa juu ya plastiki, na kusugua kwa spiriti kila siku kutakuachia kibodi isiyo na majina.

Usipulizie dawa moja kwa moja juu ya kibodi. Kibodi nyingi za kawaida zina raba chini ya vitufe, na chini ya raba kuna tabaka za plastiki nyembamba zilizochorwa njia za umeme. Maji yakiingia kati ya hizo tabaka hayana pa kutokea, na kesho yake unapiga R inatoka R na T.

Iache ikauke yenyewe kabla ya kuichomeka. Spiriti inahitaji dakika chache tu. Wakati wa masika, unyevu ukiwa juu na ulitumia maji mengi kidogo, ipe saa moja.

Kompyuta mpakato

Hapa upole uongezeke, kwa sababu chini ya kibodi ndipo ulipo ubao wenyewe. Zima kabisa, chomoa chaja, na ujue kuwa baadhi ya mashine huwaka zenyewe ukibonyeza kitufe chochote. Ikiwaka, izime tena. Usiipindue na kuigonga kama mkeka. Ishike ikiwa imesimama karibu wima. Apple katika maelekezo yake ya MacBook inataja nyuzi 75, upulize hewa kwa kwenda kushoto na kulia, kisha uigeuze ubavu wa kulia, urudie, na ubavu wa kushoto, urudie. Njia hiyo inafaa kwa mashine ya kampuni yoyote.

Kitambaa kiwe kikavu zaidi ya kile cha kibodi ya waya. Vitufe usiving'oe. Vimeshikwa na vikono vya plastiki vyembamba kama kucha ya mtoto, na kimoja kikivunjika mara nyingi utauziwa kibodi nzima. Spiriti ya kibodi usiifikishe kwenye skrini pia, maana skrini nyingine zina mpako unaobanduka.

Kipanya

Kipanya kinashikwa kuliko kitu kingine chochote mezani, na bado ndicho kinachosahaulika. Kichomoe, kipindue. Kile kitundu chenye taa ndicho jicho lake. Unywele mmoja ukikaa pale mshale unarukaruka, na nimeona watu wakinunua kipanya kipya kwa ajili ya unywele. Utoe kwa kijiti cha meno, kisha pitisha pamba ya masikio kavu, kwa upole. Ikibidi, ilowe spiriti kidogo sana.

Zile nyayo laini nne au mbili za chini hukusanya ukoko mweusi pembezoni. Ukwangue kwa kijiti. Gurudumu lizungushe huku umelibana kwa pamba yenye spiriti, hadi pamba itoke nyeupe. Kwenye mfereji kati ya kitufe cha kushoto na cha kulia pitisha ukingo wa karatasi ngumu, kadi ya vocha ya zamani ni kamili. Kisha ufute mwili wote kwa sabuni, halafu spiriti, kwa utaratibu uleule. Na kitambaa cha chini yake, kile cha kutembezea kipanya, kioshe kwa sabuni na mkono kama soksi, ukianike kivulini. Ukikirudisha kichafu umejisumbua bure.

Usafi mkubwa: kung'oa vitufe

Hii ni mara moja au mbili kwa mwaka, kwa kibodi ya mezani tu. Piga picha ya kibodi kwanza. Usitegemee kumbukumbu, unajua QWERTY yote, lakini alama zile za pembeni kulia zitakuchanganya. Kunja vibanio viwili vya karatasi viwe kama ndoana, vipenyeze pande mbili za kitufe, vuta juu sawasawa. Anza na kitufe cha pembeni usichokitumia uone kinavyotoka. Ukiona kinagoma kabisa, kibodi hiyo huenda haikutengenezwa kung'olewa. Baki na mswaki.

Vitufe virefu, yaani cha nafasi, Enta na Shifti, vina waya mwembamba wa chuma chini ya kuvilinganisha. Kama si lazima, viache. Ukivitoa, angalia waya umeingia wapi kabla hujavuta.

Vitie kwenye bakuli la maji ya vuguvugu na sabuni kwa nusu saa hadi saa nzima. Yasiwe ya moto, plastiki itapinda. Visugue kimoja kimoja kwa mswaki, kisha visuuze ndani ya chujio la chai. Bila chujio, kitufe cha kwanza kitakachopotea kwenye bomba la sinki ni kile unachokihitaji zaidi. Vitandaze kwenye kanga kavu, tundu likiangalia chini, usiku kucha. Maji hujificha ndani ya lile tundu la katikati, hivyo kabla ya kurudisha kigonge kila kimoja kiganjani.

Mwili wa kibodi uliobaki uchi, toa uchafu kwa brashi, kisha pamba za masikio zenye spiriti kwa ule ukoko wa sukari. Kwenye kibodi za swichi, zile zinazolia ta-ta-ta ambazo wacheza gemu wanazipenda, usidondoshe kitu ndani ya swichi.

Chai ikimwagika

Chomoa mara moja, hata kama kazi haijahifadhiwa. Pindua kibodi, iache idondoke. Ikiwa ni chai ya rangi isiyo na sukari, kibodi inaweza kupona kwa kukausha. Chai ya maziwa na soda hazina msamaha: sukari itaganda na sisimizi watafika kabla ya fundi. Kibodi ya waya ya bei ya kawaida, ambayo vinginevyo ungeitupa, unaweza kuisuuza kwa maji matupu, ikiwa imechomolewa, kisha uisimamishe mahali penye hewa kwa siku tatu au zaidi. Nimeokoa mbili kwa njia hii na nimepoteza moja. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii kitu, na mchele wenyewe unaingiza vumbi lake. Laptopu iliyomwagikiwa, izime kwa kushikilia kitufe, chomoa chaja, igeuze kifudifudi, ipeleke kwa fundi aifungue. Usijaribu kuiwasha "kuona kama bado inafanya kazi".

Mara ngapi, na nani anawe

Kompyuta ya mtu mmoja, mara moja kwa wiki inatosha, na spiriti wakati mwenyewe ana mafua. Za wateja au za maabara ya shule ni za kila siku, jioni baada ya kufunga. Lakini vidole vya mteja wa kwanza asubuhi vinarudisha kila ulichokitoa jana, kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni mlangoni inafanya kazi kubwa kuliko chupa yangu ya spiriti. Hasa kwa magonjwa ya kuharisha: kirusi cha noro, kinachotapisha na kuharisha, hakiogopi spiriti sana, na dawa inayokiua vizuri ni hiyohiyo klorini niliyokukataza. Nyumbani kukiwa na mgonjwa wa namna hiyo, funika kibodi kwa nailoni nyembamba ya kufungia chakula. Vitufe vinabonyezeka vizuri tu, na nailoni inatupwa kila siku.

Mwisho wa kazi, chomeka, fungua ukurasa mtupu, bonyeza kila kitufe mstari kwa mstari, na namba zote. Kitufe kirefu kikibonyea upande mmoja, waya wake haujakaa, king'oe ukirudishe. Herufi ikijirudia yenyewe, bado kuna unyevu, chomoa na uache hadi kesho. Yule mama mwalimu amerudi wiki iliyopita na mtihani wa muhula wa pili. Alikaa, akapitisha kidole kwenye herufi A, akakitazama kidole, akaanza kuchapa.